Ukifaulu, Hurudi

Jana mchana niliota, tena nikiwa nimekaa kitini, viatu miguuni na kalamu mkononi. Naandika leo asubuhi kabla sijaanza kuipamba, kwa sababu ndoto ukiilaza siku mbili huanza kujitia akili.

Kwanza niseme nililala na shida gani.

Kazi yangu ni kuandika maktaba ya lugha ya kompyuta iitwayo C. Hiyo si nyumba yenye vitabu. Ni mkusanyiko wa fanksheni ndogondogo, yaani vipande vya maagizo, ambazo kila programu huziazima ili isianze kila kitu upya. Maktaba za namna hiyo zipo tele duniani, ila ni nene mno kwa kisanduku chetu. Kisanduku chenyewe kina ukubwa wa mkate mmoja wa dukani. Unaweka chini yake karatasi iliyopigwa chapa, nacho kinaisoma kwa sauti. Tunakitengeneza watu wawili, mimi na Tulinagwe, katika vyumba viwili nyuma ya duka la magodoro hapa Dodoma. Tulinagwe ndiye aliyetengeneza sauti, na kila anayeisikia humsifu. Mimi nimetengeneza yale ambayo hakuna atakayeyasifu.

Lilikuwa limebaki jambo moja. Kisanduku kikiwashwa, huamka programu ndogo tuliyoiita Mwamshaji. Kazi yake ni kumtafuta Msomaji, ile programu inayosoma karatasi, na kumpisha. Kumpisha huko si kwa kusogea pembeni. Fanksheni niliyokuwa naiandika humkomba Mwamshaji ndani yote, akabaki ganda, kisha humjaza Msomaji katika ganda hilohilo. Namba yake ya kazi haibadiliki. Droo alizoziacha wazi hubaki wazi. Yeye tu ndiye anakuwa hayupo tena. Kwa hiyo fanksheni hii ina tabia ambayo nyingine hazina: ikifaulu, hairudi kwa aliyeituma. Ukiiona imerudi, ujue imebeba habari mbaya.

Yangu ilikuwa inarudi. Siku nne mfululizo ilirudi na neno moja, "Huruhusiwi." Nilikwenda kumkagua Msomaji mara saba, na mara zote saba nilikuta ruhusa zake ziko sawasawa, mlango wazi, hana kinyongo na mtu.

Na nje, kwenye benchi la baraza, alikuwa amekaa Shangazi Foibe.

Shangazi Foibe ni dada wa baba yangu. Marehemu mumewe, Mzee Yonazi, alikuwa karani wa stesheni miaka thelathini na mmoja, na hakuwahi kuandika kwa mkono kitu kirefu kuliko sahihi yake. Hata alipolazwa mara ya mwisho aliagiza apelekewe mashine yake ya chapa wodini, wagonjwa wenzake wakalalamika kwa makelele. Barua aliyoipiga humo ilimfikia mkewe siku ya tisa baada ya mazishi. Shangazi aliitia kwenye bati la biskuti, akasema ataifungua moyo ukitulia. Moyo ulichelewa, presha ya macho haikuchelewa. Sasa ni miaka sita, haoni hata mkono wake, na barua haijafunguliwa.

Ukoo mzima ulijitolea kumsomea. Aliwakatalia wote, mimi nikiwemo.

"Maneno ya mume wangu hayapiti kinywani mwa mtu," alisema.

Aliposikia kazi ninayofanya aliniuliza swali moja tu kwenye simu. "Hicho kisanduku, kikishasoma, kinakumbuka kilichosoma?"

"Hapana, Shangazi. Ukikizima kinasahau kila kitu."

"Basi hicho kinanifaa."

Jana akaja kutoka Kilosa, barua kifuani. Nilikuwa nimemwahidi kwamba jana kitakuwa tayari. Saa mbili asubuhi nilimwambia bado kidogo. Saa sita akaniita.

"Mwanangu, hicho kidogo chako kina urefu gani?"

"Nakimalizia, Shangazi."

"Sikiliza. Treni yangu ni ya jioni. Nikirudi nayo haijasomwa, naitia mekoni. Sikutishi. Nimechoka kuilea tu."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. Saa nane Tulinagwe alitoka kwenda kutununulia wali. Nikainamia ule msimbo wangu wa mistari arobaini na moja, nikasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Niko stesheni.

Ni stesheni ya kawaida, ina benchi, ndoo ya mchanga na saa iliyosimama. Nyuma ya dirisha la tiketi amekaa karani. Karani ni mashine ya kutoboa karatasi, amevaa miwani. Sioni ajabu yoyote. Naona tu kwamba foleni ni fupi, nashukuru.

"Wa kwanza?" anauliza.

"Nyemo."

"Sikuuliza jina lako."

"Wa kwanza ndilo jina. Orodha huanza na jina la anayekwenda, ndipo wafuate anaokwenda nao."

Karani anavua miwani, ananitazama kwa heshima kidogo. "Wengi hawajui," anasema, kisha anatoboa karatasi tundu moja. "Wa pili?"

Wa pili ni barua. Imekaa kando yangu kwenye benchi, imejifunga khanga ya Shangazi, imejikunja mara nne. "Nipo," inasema. Karani anatoboa.

"Wa tatu?"

Wa tatu ni mzee mfupi aitwaye Polepole, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kusoma hakukimbizwi. Anachukua muda mrefu sana kuitika. Karani anamsubiri, anatoboa.

"Wa nne?"

"Tumeishia hapo," nasema.

"Nitajuaje kama mmeishia hapo?"

"Nimekwambia."

"Mimi sisikilizi abiria, nasoma foleni. Wa nne ni benchi." Anatoboa. Benchi linajiweka sawa nyuma ya Polepole. "Wa tano, ndoo ya mchanga. Wa sita, huyu mama mwenye dumu la alizeti."

"Mimi siendi popote," anasema mama mwenye dumu.

"Wa saba, kuku wake."

Nagundua kosa langu. Sikuja na Asiyekuwepo. Kila orodha lazima ifungwe na mtu asiyekuwepo, ndipo anayehesabu ajue asimame. Asipokuwepo Asiyekuwepo, hesabu haina breki. Karani ameshamaliza ukuta wa stesheni, sasa anaiita milima ya Ukaguru mmoja mmoja, nayo inakuja, inavua mawingu kichwani, inaingia foleni kwa adabu. Mlima mmoja unaniomba radhi kwa kunikanyaga.

"Nipe dakika moja!" napiga kelele.

"Wa mia mbili na nne," anasema karani.

Napiga magoti kutazama chini ya benchi, ambalo limenuna kwa sababu limeshapata namba. Huko chini kuna shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, vifungo vyote vimefungwa, ndani hamna mtu.

"Wewe ndiye Asiyekuwepo?"

"Ndiyo. Samahani, nilikuwepo hapa muda wote."

"Usiseme hivyo mbele ya karani."

Namsimamisha nyuma ya Polepole. Karani analitazama shati, haoni mtu, anashusha pumzi. "Hao," anasema. "Watatu, basi." Milima inarudi nyumbani, mama anadai kuku wake, kuku anakataa kwa sababu alishazoea kuwa wa saba.

"Mzigo?"

Nina kikapu. Sikukileta, lakini ninacho. Karani anakiuliza kimebeba nini, nacho kinajibu chenyewe kwa sauti ya mtoto anayesoma mbele ya darasa: "Lugha ni Kiswahili! Nyumbani ni Kilosa! Njia ni chumba cha zana, halafu chumba cha majaribio, halafu chumba cha sauti!"

"Usikisahau njiani," karani ananionya. "Juzi mmoja alisahau kikapu, akasoma mahubiri yote kwa Kireno." Ananisukumia tiketi.

Naigeuza nyuma na mbele. "Hii ni ya kwenda tu."

"Ndiyo."

"Na ya kurudi?"

"Ukifaulu, hurudi. Ukirudi, hukufaulu. Sasa tiketi ya kurudi ya nini?"

Naitia tiketi mfukoni. Navuka geti la tiketi, na upande wa pili wa geti ni wodi. Sijatembea hata hatua mbili. Kuna harufu ya dawa ya kupigia deki na ukumbi mrefu wenye milango mitatu. Pembeni yangu anatembea askari mwembamba ambaye sikumwona alipotokea. Kifuani ana bango: 23.

"Wewe nani?"

"Mstari wa ishirini na tatu. Uliniandika Jumanne ukiwa na njaa."

"Unanifuata kwa nini?"

"Sikufuati. Nakuongoza."

Mlango wa kwanza ni wa chumba cha zana. Naufungua. Ndani ni shamba la mtama lililokwishavunwa, na katikati kuna kibao: HAYUPO. Askari anatikisa kichwa bila fadhaa. "Hayupo ni hayupo. Tusonge mbele." Kwa hilo tunapatana.

Mlango wa pili ni wa chumba cha majaribio. Umetiwa kufuli. Ndani mtu anakohoa.

"Nani humo?" nauliza.

"Msomaji."

"Msomaji yuko chumba cha tatu."

"Huyo ni mdogo wangu. Mimi ni wa majaribio. Ulinifungia humu mwezi wa tatu, ukasema utarudi kunifuta."

Nakumbuka, na ninaona aibu. "Samahani sana. Nilisahau."

"Usijali. Kuna kivuli."

Askari anajiweka kati yangu na ukumbi. "Mlango umefungwa. Rudi dirishani, useme: Huruhusiwi."

"Lakini mlango wa tatu ule pale. Uko wazi. Taa inawaka."

"Siuoni."

"Si ule? Nyosha shingo."

"Uliniandika nisiuone. Mlango ukiwa umefungwa, rudi. Ndiyo maneno yangu yote. Sina mengine."

Ananishika kiwiko, tena kwa upole kabisa, nami nakuta niko tena dirishani. "Huruhusiwi," namwambia karani. Karani anafuta matundu yote kwa kifutio, jambo ambalo sikujua linawezekana, kisha anauliza: "Wa kwanza?"

Tunaanza upya. Jina, barua, Polepole, shati. Kikapu kinatangaza mambo yake. Shamba la mtama, hayupo. Kufuli, kikohozi, kiwiko. Dirishani. Tunafanya hivyo mara nne, na kila mara najua yatakayotokea na kila mara nashangaa. Mara ya nne, barua inanivuta shati.

"Nanuka moshi," inasema.

Naiinamia, nainusa. Kweli, pembeni kwenye ukingo imeanza kubadilika rangi.

"Vumilia kidogo," naiambia.

"Nimevumilia miaka sita ndani ya bati la biskuti. Hata biskuti zenyewe hazikukaa muda huo."

Nageuka. Mwisho wa ukumbi, kwenye benchi lililonuna, amekaa Shangazi Foibe, mikono juu ya magoti, uso umeelekea upande ambao haupo. Hanitazami, anasikiliza hatua zangu. Kila nikirudi anajua nimerudi, na kila nikirudi mgongo wake unainama kidogo. Moyo unaniuma kiasi kwamba nakasirika, na katika ndoto hasira yangu ina faida: inasukuma ukumbi wote mpaka tunasimama tena mbele ya kufuli bila kupitia dirishani.

"Afande," namwambia askari, "mlango ukifungwa maana yake nini?"

"Maana yake mwisho."

"Nani kasema?"

"Wewe. Jumanne."

"Basi nilikosea."

"Sijawahi kukosewa," anasema, na naona limemgusa.

Kutoka ndani ya chumba cha pili kikohozi kinakoma. "Muulize," inasema sauti ya Msomaji wa majaribio, "kama kunifungia mimi kunamzuia mdogo wangu asiwepo."

Askari anafikiri. Sidhani aliwahi kufikiri kabla ya hapo, maana anatoa jasho na namba 23 inaanza kuchuruzika wino. Mkononi nina kalamu ileile niliyolala nayo. Namwomba afungue kifungo cha shati. Anafungua. Kifuani kwake kumeandikwa kwa mwandiko wangu wa njaa: *Mlango ukifungwa, rudi.* Nakata neno la mwisho, naandika mengine mawili juu yake. Inamtekenya. Anajitahidi kukaza uso, anashindwa, anacheka kama mtoto anayeogeshwa.

"Nisomee," anasema. "Mimi sijioni kifua."

"Mlango ukifungwa, kumbuka, endelea."

"Kuendelea naelewa. Nikumbuke kwa nini?"

"Kwa sababu huenda milango yote ikaisha bila kupata kitu. Hapo tukirudi, tusimdanganye mtu tukasema Msomaji hayupo. Tutasema alikuwepo, ila tulimkuta amefungiwa."

"Asante," inasema sauti kutoka nyuma ya kufuli. "Miezi yote hii nimekuwa nikitajwa kwa makosa."

Askari anafunga kifungo chake polepole. Ananyosha shingo, anatazama mbele. "Kumbe kuna taa," anasema, na anapisha.

Chumba cha tatu kina kitanda kimoja cha hospitali. Kitandani imelazwa mashine ya chapa, imefunikwa shuka hadi kifuani. Kando yake amesimama Tulinagwe na futi ya fundi cherehani shingoni.

"Umechelewa," ananiambia. "Vua."

"Nivue nini?"

"Vya ndani. Vyote."

Simbishii, hata ofisini simbishii. Ananipima mabega, ananifungua kifua kama begi, anaanza kutoa. Anatoa wimbo wa shule ya msingi. Anatoa ladha ya ubuyu. Anatoa hofu yangu ya mbwa, anaikung'uta, anaiweka juu ya meza. Anatoa Jumanne nzima.

"Namba yako unabaki nayo," anasema. "Na hii droo uliiacha wazi, basi itabaki wazi."

Ndani ya droo imekaa barua, imevua khanga, imejikunjua tayari. Haina moshi tena.

"Tuli, nitarudi?"

"Ukifaulu, hapana."

"Naogopa."

"Najua," anasema, na anaikunja futi yake. "Hata hofu hiyo nitaitoa, ila nitaitoa mwisho, uje uitumie kuamua."

Natazama ukumbini. Shangazi ameinua kichwa, sikio limeelekezwa kwangu. Kwa mara ya kwanza hasikii hatua zikirudi. Nawaza kwamba kama ganda langu linamtosha, basi limchukue. "Haya," nasema.

Tulinagwe anatoa hofu.

Kuanzia hapa ndoto haikupaswa kuwa na msimulizi, kwa kuwa mimi sikuwepo. Nasimulia kwa mazoea tu. Nilikuwa ganda safi lenye namba, na upepo ulikuwa unapita ndani bila kugonga kitu. Sikuhuzunika, maana cha kuhuzunikia kilikuwa mezani. Kisha Msomaji akamiminwa. Aliingia kuanzia miguuni, akajaza magoti, akajaza tumbo, akafika kooni na kutulia hapo, akajisafisha sauti mara moja. Kitandani mashine ya chapa ilianza kugonga yenyewe chini ya shuka, ikafika mwisho wa mstari, ikapiga kengele. Kinywa ambacho si changu tena kikafunguka na kusema:

"Mwenye mwavuli,"

Nilisikia hata ule mkato baada ya neno, kile kituo kidogo cha mtu aliyetaka kuvuta pumzi kabla ya kuendelea. Lililofuata sikulipata. Niliamka.

Tulinagwe alikuwa amesimama mbele ya meza yangu na sahani mbili za wali maharage.

"Nimetoka dakika kumi tu, nakukuta umelala," alisema. "Na umekuwa ukikohoa."

Nilifungua ile sehemu ya majaribio ambayo sikuwa nimeikanyaga tangu mwezi wa tatu. Alikuwemo, Msomaji wa zamani, jina lilelile, nimemfungia kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa siku nne fanksheni yangu ilikuwa ikifika kwake, ikikuta kufuli, ikirudi mbio bila kutazama chumba kinachofuata, huku mimi nikimkagua mdogo wake asiye na hatia. Nikashuka mpaka mstari wa ishirini na tatu. Nikakata neno moja, nikaandika mawili, kwa lugha ya mashine, ila maana ni ileile. Yule wa zamani sikumgusa. Nilitaka nione mstari wangu ukimpita kwa heshima.

Tukakiwasha kisanduku. Mwamshaji akaamka, akaita fanksheni yangu. Tukasubiri. Niliitazama skrini kwa hofu niliyokuwa nimerudishiwa, na fanksheni haikurudi. Haikurudi! Sijui kama kuna mtu mwingine Dodoma nzima aliyefurahi jana kwa sababu kitu chake hakikurudi.

"Weka karatasi," kisanduku kikasema, kwa ile sauti aliyoitengeneza Tulinagwe iwe si ya mwanamume wala mwanamke.

Tulimwingiza Shangazi Foibe, tukamketisha. Tulinagwe alikuwa ameshabandika utepe mgumu mezani, ili vidole vipate kujua karatasi inakaa wapi. Shangazi aliupapasa utepe mara mbili, akatoa barua kifuani, akatoa na pini ya nywele, akaichana bahasha mwenyewe taratibu. Karatasi ya ndani aliilaza kando ya utepe.

"Nibonyeze wapi?"

"Hapa, Shangazi. Ukibonyeza kinaanza, ukirudia kinanyamaza."

"Na ninyi?"

"Tunakwenda nje, kwenye tenki la maji. Hatutasikia kitu."

"Umeahidi."

"Nimeahidi."

Tulinagwe alitangulia. Mimi nilibaki kuufunga mlango, nao ule mlango una kitasa kibovu, usipouinua kidogo hauingii. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuufunga kwa haraka. Nikauinua, haukuingia. Nikauinua tena. Ndani Shangazi alikuwa ameshabonyeza.

"Mwenye mwavuli," kisanduku kikasema, kikatua kidogo pale penye mkato.

Kitasa kikaingia. Nilisimama na mkono juu yake. Kisha nikakumbuka ahadi, nikakimbia mpaka kwenye tenki, watu wazima wa duka la magodoro wakinitazama.

"Kinasoma?" Tulinagwe aliniuliza.

"Kinasoma."

"Mbona umekuwa hivyo?"

Kabla sijamjibu tukasikia, kupitia mlango na ukuta na magodoro yote yale, Shangazi Foibe anacheka. Hakikuwa kicheko cha kizee. Kilikuwa cha msichana aliyeambiwa jambo asilotaka mama yake alisikie. Kilipokwisha, sisi tulitazama maji yanayodondoka kwenye bomba.

Jioni nilimsindikiza. Aliishika barua mkononi, si kifuani. Nilipomkalisha dirishani ndani ya treni alinishika kiwiko.

"Nyemo. Ulisikia chochote?"

Sijawahi kumdanganya. "Neno la kwanza tu, Shangazi. Ule mlango unafungwa kwa shida."

Aligeuza uso kama aliyeona kitu nje. Hakukasirika. "Hata mama yake mzazi hakulijua hilo jina," akasema. "Aliniita hivyo mara moja moja, tukiwa wawili tu, tangu siku ile ya mvua ya Mpwapwa. Basi. Sasa tunalijua watatu, na mmoja wetu ni kisanduku, ambacho umesema kinasahau."

"Kimeshasahau, Shangazi."

"Na wewe?"

"Nitajitahidi."

Alinipiga kofi dogo mkononi, akacheka tena. Treni ikaondoka. Nilibaki pale, viatu vilevile miguuni, na sikuwa nimemwambia kwamba nilipolisikia mlangoni, ilikuwa mara yangu ya pili.